Korido Iliyozaliwa Siku Moja

Wiki tatu zilizopita nilikula biriani Fordsburg na mtu niliyekuwa nimemlilia kama marehemu kwa miaka ishirini na kitu. Papa Kasongo, fundi cherehani wa Kalemie kule Kongo, alikuja Johannesburg kutafuta vitambaa na vipuri vya mashine zake, akauliza huku na huku, akaelekezwa, akanikuta nje ya mahakama ninakofanya kazi ya ukalimani. Nilimtazama viatu kwanza. Mtu uliyeambiwa amekufa akikuita jina kwa sauti yake ileile, macho hayaendi usoni, yanaenda chini kuona kama anakanyaga ardhi. Alikuwa anakanyaga, tena kwa viatu vya kahawia vilivyopakwa rangi mpaka vinang'aa, kama alivyovipaka zamani. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mawakili na walinzi, na sikuona haya.

Tulikaa kwenye mkahawa mmoja wa Waislamu, meza ya pembeni, mimi nikauelekeza uso wangu mlangoni. Ni tabia yangu, binti yangu hunicheka kwa hilo. Yeye amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza, na mlango kwake ni mlango tu. Papa Kasongo alikula polepole, akafuta vidole kimoja kimoja, kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Ilitoka Uholanzi. Mpwa wa Madame Tineke, jirani yetu wa zamani, alikuwa amemwandikia kwamba shangazi yake alifariki majira ya baridi, kwenye nyumba ya wazee, akiwa na akili zake timamu. Akaniuliza kama na mimi niliandikiwa. Nikasema hapana. Akauliza kadi yangu ya mwisho ilifika lini. Nikamuuliza kadi gani. Akasukuma sahani yake kando, na nikajua kwamba mwaka ule niliokuwa nimeufungia sandukuni nitalazimika kuufungua pale pale, kati ya biriani na kachumbari.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikumwamini mtu. Tulikaa Berea, hapahapa Johannesburg, jengo la zamani la ghorofa sita, lifti ilikuwa imekufa na ndani yake watu walihifadhi magodoro. Korido yetu ya ghorofa ya tatu ilikuwa na milango kumi na mmoja. Chumba chetu kilikuwa na wanawake wanne, kila mmoja na godoro lake nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, kwa hiyo ulijua mwenzako anageuka, anakohoa, anasali, lakini humwoni. Mwenye chumba alikuwa Mama Solange, msusi wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito kuliko jiko la chuma. Siku ya kwanza alinipa ugali wa muhogo na mboga ya sombe, akaningoja nishibe, ndipo akanisomea sheria za korido. Usimuulize mtu alipitia wapi. Usimuulize baba yake aliitwa nani. Na usimuulize, hata kwa utani, alizaliwa lini.

Hiyo ya tatu ilikuwa na sababu yake. Nje ya ofisi ya wakimbizi alikaa bwana mmoja na meza ndogo, akiwajazia watu fomu. Palipohitaji tarehe ya kuzaliwa aliandika moja Januari, kwa wote, wanaume kwa wanawake. Alisema mtu akichanganyikiwa dirishani anaweza kusahau hata jina la kijiji chake, lakini mwaka mpya hausahau. Na sisi tulimshukuru. Kwa hiyo korido nzima ilizaliwa siku moja, toka Papa Kasongo mwenye mvi mpaka mimi. Tarehe ya kweli ilibaki kichwani, na baada ya muda hata kichwani uliisogeza pembeni, maana ikikutoka mdomoni mbele ya afisa, wewe ni watu wawili, na watu wawili hawapewi karatasi moja.

Mwishoni mwa korido, mlango wa kumi na moja, alikaa mzungu. Hilo peke yake lilitosha kutunyima usingizi. Madame Tineke alikuwa Mholanzi, amepita sitini, mrefu, nywele nyeupe alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na alivaa soksi ndani ya ndala. Alikuwa mwandishi. Kwao, enzi za ubaguzi hapa, alikuwa akisimama nje ya maduka kuwazuia watu wasinunue machungwa ya Afrika Kusini. Alikamatwa mara kadhaa, akawaficha wakimbizi wa kisiasa nyumbani kwake, akaandika vitabu vilivyomfanya apigwe marufuku kukanyaga nchi hii. Uhuru ulipokuja, alisubiri miaka michache, akaja na masanduku mawili akasema kitabu chake cha mwisho atakiandikia huku. Msimu wa baridi, kila asubuhi, alimenya chungwa moja dirishani na kulila macho yamefungwa, kipande kwa kipande, kama mtu aliye kwenye ibada. Aliniambia kwa miaka mingi hakulionja. Mama Solange alipoisikia habari hiyo alicheka kwa pua. "Mtu ana pasipoti ya Ulaya, anapanda ngazi za Berea pamoja na sisi na ndoo ya maji mkononi. Anatafuta nini?" Swali lile lilinikaa. Sikuweza kulijibu, na lisilojibika kwetu lilikuwa tayari ni jibu.

Dirisha lake lile halikuwa na pazia. Jioni taa ikiwaka ulimwona mzima mzima toka barabarani, anasoma, anakula, anajikuna. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwao ndivyo wanavyokaa, mtu mwema hana cha kuziba. Lakini sisi tulisema asiye na pazia si kwamba anataka kuonekana, anataka kuona. Na ile ya biskuti, jamani! Ulimtembelea, akakupa kahawa, akafungua kopo la biskuti, ukachukua moja, akalifunga kopo na kulirudisha kabatini mbele ya macho yako. Papa Kasongo peke yake ndiye aliyemtetea. Alisema mtu mbaya angekupa biskuti zote.

Mimi aliniajiri kwa sababu ya macho yake. Yalikuwa yanafifia, akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na alitaka mtu wa kuzipiga chapa. Tulizungumza Kifaransa, changu cha shule na chake cha kukwaruza, na Kiswahili kidogo alichokiokota koridoni. Kitabu kilikuwa cha Kiholanzi. Mimi Kiholanzi sikujua hata neno la salamu, kwa hiyo niliinakili herufi baada ya herufi, mchana kutwa, nikapiga chapa kitabu kizima bila kukisoma. Nilikuwa nadhani alinichagua kwa sababu hiyo hiyo. Nilivizia majina. Nilitaka kuona Solange, nilitaka kuona Kasongo, nilitaka kuona Faida, ambalo ni jina langu. Sikuona hata moja. Siku moja nikajikaza nikamuuliza mbona watu wake hawana majina, akaniambia kwamba miaka ile ya kujificha walifundishana kutoandika kamwe jina la mtu aliye hai. Polisi wakikuta karatasi, wasikute mtu. Kwa hiyo kitabuni kulikuwa na Mwenye Miwani, Kofia, na mwanamke aliyeitwa Yule wa Baiskeli. Nikaridhika, siku hiyo moja.

Sasa sikiliza ajabu. Mwanamke huyu asiyeandika jina la mtu kitabuni, chooni kwake alikuwa ametundika kalenda, mkabala na unapokaa, yenye majina ya kila mtu anayemjua ulimwenguni. Haikuwa na mwaka wala siku za juma, tarehe tu, na penye tarehe jina. Ni kalenda ya siku za kuzaliwa. Waholanzi wanayo kila nyumba, na mahali pake ni chooni, kwa sababu hapo ndipo mtu anapotulia akasoma, akakumbuka kwamba kesho ni siku ya fulani. Kusahau siku ya mtu kwao ni kosa kubwa kuliko kumnyima biskuti ya pili. Alipohamia aligonga mlango hadi mlango akiuliza kila mtu alizaliwa lini. Watu waliganda. Kisha kila mmoja akatoa ile ya karatasi. Nilipoanza kazi Februari, Januari moja ilikuwa na majina kumi na sita, yamebanana, mengine yameteremka pembeni mpaka chini ya ukurasa.

Aliniita chooni kunionyesha, akicheka mpaka akakaa juu ya mfuniko. Korido nzima siku moja! Halafu akaacha kucheka. Mtu aliyewahi kutengenezea wengine pasipoti bandia jikoni kwake haelezwi mara mbili. Alinitazama akasema, "Hii ni tarehe ya karatasi. Mimi naomba ile ya mama yako." Nikamwambia mama yangu ndiye aliyenizaa tarehe moja Januari. Akaitikia kwa kichwa, akapangusa miwani, tukarudi kazini.

Wengine wakaanza kuhama. Alitumia penseli na ufutio. Nilikuwa nikiingia chooni nakuta mtu ametoka Januari na kwenda Julai, mwingine Novemba. Walikuwa wanakwenda mmoja mmoja jikoni kwake, wanapewa chungwa, wanaongea kwa sauti ndogo, wanatoka wakipangusa midomo. Hata Mama Solange, aliyenisomea sheria, nilimkuta ametulia tarehe tatu Machi! Sikumuuliza, naye hakujua kwamba nimeona. Sitaki kujifanya nilikuwa mjinga. Nilielewa hatari ilivyokuwa. Mtu yeyote akiishika kalenda ile mkono mmoja, na mkono wa pili orodha ya ofisini, amewashika watu wote wa korido. Nilikuwa nikikaa pale chooni nayasoma majina moja baada ya jingine. Na kila baada ya wiki mbili tatu Madame Tineke aliniuliza, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "Faida, bado hujazaliwa?" Nami nilimjibu, "Tarehe moja Januari, Madame."

Mwezi wa nne alikuja mgeni na gari la kijivu. Mzungu wa hapahapa, suti, viatu vya ngozi, rafiki wa zamani wa mapambano aliyekuwa sasa na kazi serikalini. Walikula supu yake ya dengu nzito inayosimamisha kijiko, mimi nikapiga chapa chumba cha pili na masikio yangu yote yakiwa mezani kwao. Niliambulia neno wakimbizi mara mbili, na neno orodha mara moja. Kisha mgeni akaingia chooni, akakawia. Nilipomweleza Mama Solange, aliniuliza alikawia kiasi gani. Nikasema kama wimbo mmoja wa kanisani, beti zote. Akaacha kusuka.

Tarehe kumi na tisa Mei ilikuwa Jumanne na ilikuwa siku ya Papa Kasongo, ile ya kweli. Madame Tineke alioka keki ya tufaha, akatoa viti vyote vya nyumba yake na kuvipanga duara koridoni, ukuta kwa ukuta, maana kwao ndivyo watu wanavyokaa siku ya kuzaliwa, kwenye duara, wanatazamana magoti. Kisha akamshika mkono Papa Kasongo kumpongeza. Tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza! Akazunguka duara lote, akatushika mkono sisi sote, mmoja baada ya mwingine: hongera kwa Kasongo, hongera kwa Kasongo. Tukawa tunajiuliza sisi tumefanya nini. Papa Kasongo alikuwa amevaa suti aliyojishonea, ya bluu, na viatu vyake vya kahawia. Aliposikia jina lake likizunguka vile kutoka mkono hadi mkono, mzee mzima alijifunika uso kwa leso. Alisema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kupongezwa kwa sababu yeye yupo. Tulicheka, tukala, mimi nikala vipande viwili na kopo la biskuti halikufungwa. Nakiri kwamba saa ile nilifurahi, na nilijikaripia kwa kufurahi.

Alhamisi Papa Kasongo alikwenda ofisini kuongeza muda wa karatasi yake. Hakurudi. Ijumaa akaja Mrundi mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akatuambia kwamba walimpata na tarehe mbili za kuzaliwa, wakampeleka kwenye kambi ya kurudisha watu makwao, nje ya mji. Tarehe mbili. Maneno yale yalizunguka korido kuliko keki ilivyozunguka.

Tulikutana chumbani kwetu mchana ule, watu tisa juu ya magodoro, sufuria ya sombe katikati na hakuna aliyeigusa. Mama Solange hakupaza sauti. Alitaja vitu kimoja kimoja: dirisha, gari la kijivu, choo, kalenda. Mama mmoja alijaribu kusema labda ni bahati mbaya tu. Mama Solange akamwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. "Muzungu anatuandika ku choo, wote, na siku zetu za kweli. Anatuandikia nani?" Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kwake. Kazi yangu ilikuwa kuitoa kalenda na kuichoma. Sikusema hapana. Ukweli ni kwamba sikutaka kusema hapana. Nilijisikia kwamba hatimaye nimeaminiwa na watu wangu.

Jumatatu, wakati Madame Tineke yuko sokoni, niliitoa kwenye msumari, nikaikunja ndani ya sketi yangu, nikatoka. Kwa watu nilisema nimeichoma kwenye debe juu ya paa, wakanipigia makofi madogo. Sikuichoma. Niliiweka chini ya sanduku langu, chini ya gazeti. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la heshima ni kwamba mkono ulikataa kuchoma majina ya watu walio hai. Jibu la kweli ni kwamba nilitaka kubaki na ushahidi, endapo siku moja tuhuma zitanigeukia mimi.

Aliniuliza jioni ile ile kama nimeiona. Nikasema hapana, Madame. Alikuwa anaosha vyombo, mimi nakausha. Akaanza kusema, taratibu, mikono ndani ya povu: tatu Machi, Solange. Kumi na moja Aprili, fulani. Kumi na tisa Mei, Kasongo. Akaenda mpaka Desemba bila kukosea hata jina moja la korido, akarudi mwanzo, akasema, "Moja Januari, Faida. Peke yake." Akaniambia kalenda haikuwa ya kumkumbusha yeye. Yeye alifundishwa zamani kubeba mji mzima kichwani. Ilikuwa ya sisi tunaoingia pale, ili tukumbukane. Unafikiri maneno yale yaliniyeyusha? Wapi! Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Solange kumwambia kwamba mwanamke yule amehifadhi kila kitu kichwani, mtu wa kawaida hawezi, huo ni ufundi wa kijasusi. Mama Solange akasema, si nilikuambia.

Baada ya hapo korido ilimfungia mlango bila kuufunga. Hakuna aliyemsalimia. Machungwa aliyoyaacha milangoni asubuhi yalibaki pale mpaka yakaota ukungu, na watoto walikatazwa kuyagusa. Viti vyake vinne vilivyobaki kwa majirani tangu siku ile ya duara vilirudishwa mlangoni kwake vimepinduliwa miguu juu. Mimi niliendelea na kazi, kwa sababu niliambiwa niendelee, nimwangalie. Nilikuwa namtazama mgongo akiandika, nasubiri afanye kosa. Jumamosi za Juni na Julai alitoka mapema na mfuko wa machungwa akarudi jioni amechoka, na hakusema alikokuwa. Hilo nalo tuliliandika upande wetu.

Siku kitabu kilipokwisha, mwezi wa nane, upepo unapeperusha vumbi la migodi mpaka ndani ya sukari, aliniambia mwenyewe kinahusu nini. Kulikuwa na neno moja lililorudi karibu kila ukurasa, vidole vyangu vililijua vyenyewe, na sasa akaniambia maana yake ni msaliti. Kundi lao la ujana walikuwa watu saba. Mmoja alikamatwa, wakaamua kuna msaliti kati yao, wakamchagua mwenzao mmoja aliyekuwa akija na baiskeli, kwa sababu aliuliza maswali mengi na kwa sababu hawakumpenda sana. Wakaacha kumfungulia mlango. Miaka baadaye faili za polisi zilipofunguliwa, wakakuta hakuwa yeye, wala hakuwa yeyote. Aliyekamatwa alijisahau akajitaja mwenyewe kwenye simu. Yule wa Baiskeli alikuwa ameshakufa. Madame Tineke alisema yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango siku ile, ndiye aliyesikia kengele na hakuinuka. Kisha akanitazama, macho yale mabovu, akasema, "Faida, mimi si polisi. Lakini najua polisi naye angesema hivyo." Nami nikasema, "Ndiyo, Madame." Nilivyolisema, lilikuwa jibu kwa sentensi ya pili. Alielewa.

Aliondoka mwisho wa mwezi ule na masanduku yake mawili. Aliniachia mashine ya kupigia chapa, na ndiyo iliyonipeleka shule, na shule ikanipeleka mahakamani, kwa hiyo ukinisikia nakuwa mkali juu yangu mwenyewe ujue nina sababu. Hakuna aliyemshushia mizigo kwenye ngazi. Nilisimama dirishani kwetu nikamwona akisubiri teksi karibu na robot, zile taa za barabarani, amekaa juu ya sanduku, anamenya chungwa. Mwaka uliofuata tukaambiwa Papa Kasongo alirudishwa Kongo na akafia njiani vitani. Tulimlilia siku tatu, na kila aliyelia alimlaani yule mzungu. Mimi pia. Mama Solange naye akafariki miaka minane iliyopita, na hakuwahi kubadili kauli.

Haya yote nilimweleza Papa Kasongo mezani, nikitazama sahani. Sikumficha kitu, hata viti. Nilipomaliza nikaona biriani yake imepoa na mkono wake umeshika ile bahasha kwa nguvu. Nilidhani atanipongeza kwa ujasiri wa kukiri. Badala yake akauliza kwa sauti ya mtu aliyepigwa, "Mlimdhania yeye?"

Ndipo akaniambia. Alhamisi ile, dirishani, alikuta afisa mwanamke, mpole, akamuuliza kwa upole alizaliwa lini. "Ilitoka yenyewe, Faida. Kumi na tisa Mei. Nilikuwa bado na furaha." Alisema hata alitabasamu akimwambia, akasubiri apongezwe. Hakuna aliyemtaja. Alijitaja mwenyewe, kwa sababu siku mbili tu kabla yake watu walizunguka duara wakipeana mkono kwa ajili ya siku ile, na ulimi wake ukasahau kuogopa. Na kule kambini mtu mmoja tu alithubutu kwenda kumwona, kila Jumamosi, na mfuko wa machungwa. Papa Kasongo alimweleza yote. Halafu akamwomba asimwambie yeyote Berea, maana aliona aibu, mzee mzima kujichoma mwenyewe kwa kipande cha keki. Korido ingemcheka mpaka kaburini. Madame Tineke akaahidi. Papa Kasongo alidhani ni siri ya wiki moja. Hakujua kwamba sisi tulikuwa tunaijaza siri ile jina la mtu. Akachoka kukaa kambini, akaweka sahihi, akarudishwa, akafika Kalemie salama. Kila mwaka, kumi na tisa Mei, kupitia parokia, alipata kadi.

Watu wakaingia na kutoka mkahawani. Jumamosi zile! Alikuwa na neno moja tu la kusema koridoni ili apate kusalimiwa tena, na hakulisema, kwa sababu aliahidi. Mimi niliyepiga chapa kitabu kizima kuhusu mlango usiofunguliwa, nilikuwa ndiye niliyekaa karibu na mlango. Niliona uchungu ambao sikujua kwamba mtu wa umri wangu bado anaweza kuuona. Papa Kasongo naye alikuwa analia, na hatukujua nani amfariji mwenzake, kwani kila mmoja alikuwa na fungu lake.

Tulipoachana aliniuliza, kwa kuwa sasa Madame hayupo na yeye ndiye atakayekuwa akituma kadi, mimi nilizaliwa lini. Na mdomo wangu, baada ya yote hayo, ukajibu: "Tarehe moja Januari." Alinishika mkono tu, kama vile siku ya duara.

Nilifika nyumbani nikavuta sanduku chini ya kitanda. Kalenda ipo, imekuwa njano, penseli imefifia lakini inasomeka. Nikatafuta msumari na nyundo. Binti yangu alisimama mlangoni akauliza kwa Kiingereza chake hawa watu wote ni nani na kwa nini chooni, nikamwambia akae humo awasome, ataelewa. Halafu nikatafuta ufutio. Sasa Januari moja haina mtu. Tarehe yangu sitaiandika hapa, mnisamehe, tabia haifi siku moja. Iko chooni kwangu. Ukija kunitembelea, utaisoma.